Mzani Hauoni Kimo

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, foleni ya malori yanayoelekea mpakani imerudi nyuma kutoka Tunduma hadi Mpemba. Baridi ya huku juu haina huruma. Umande umelala kwenye maturubai kama maji yaliyomwagwa kwa makusudi. Dereva wa semi moja anagonga ubavu wa kabini kumwamsha utingo wake.

"Dogo, cheki kamba ya nyuma. Upepo wa usiku umeinua turubai."

"Sawa, mzee."

Kijana anashuka akiwa na ndala miguuni na blanketi begani. Anaweka blanketi juu ya tairi. Anakanyaga kitovu cha gurudumu, anapandisha goti kwenye ukingo wa bodi, kisha anashika kamba na kujivuta. Haimchukui hata sekunde kumi, yuko juu ya shehena ya magunia, anatembea kuelekea nyuma na ndala zake zikilia kwenye turubai bichi. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara na kikombe cha chai mkononi, na nilichelewa kuelewa nilichokiona. Kamba aliyoishika kupandia ndiyo hiyo hiyo aliyotumwa kuikaza kwa sababu imelegea.

Jambo hilo hutokea kila siku katika eneo hili la mpaka, na kwa kuwa mara nyingi kijana hushuka salama, hakuna anayelihesabu. Ninaamini linastahili kuhesabiwa. Tunduma ni lango la barabara ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam na kukata zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuingia Nakonde upande wa Zambia. Mafuta, mbolea, salfa ya migodini na bidhaa za dukani hupita hapa kwenda Zambia na Kongo, na shaba hurudi kwa njia hiyo hiyo kwenda bandarini. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu kilikusudiwa kufupisha safari ya karatasi, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lakini foleni bado hurefuka, na lori likisimama siku mbili tatu barabarani hugeuka kuwa karakana. Hapo ndipo kamba hukazwa, turubai hushonwa, bati la boksi huzibwa tundu, na kifuniko cha tenki hutazamwa kama bado kina lakiri yake. Sehemu kubwa ya kazi hizo iko juu.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila dereva wa njia hii anakijua kwa moyo, nacho ni uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Lori likizidisha, mzani utalikamata. Ni sawa kabisa, kwa maana barabara ni mali ya wote na lami ikishapasuka haijirudi. Ila mzani unailinda barabara. Mtu anayepanda juu ya mzigo hulindwa au huachwa na kimo cha mzigo huo, na kimo hakiendi sambamba na uzito.

Chukua shaba. Tani 30 za shaba halisi hazijazi hata mita 4 za ujazo. Ukizilaza juu ya tela lenye urefu wa mita 12, mafungu yake yanaonekana machache na mafupi, kiasi kwamba mtu anayetazama kwa mbali anaweza kudhani gari linarudi tupu. Anayezifunga hupanda kimo cha sakafu ya tela tu, mita moja na nusu hivi. Sasa chukua magodoro, pamba, au magunia ya mahindi ya Mbozi na Momba yaliyojazwa rumbesa na kupangwa mpaka yakapita kingo za bodi. Mzigo huo unaweza kupita mzanini bila tatizo lolote, huku utingo akitembea juu yake akiwa mita 4 kutoka kwenye lami. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6, likikaa juu ya tela, paa lake liko kwenye mita 4 na ushee. Mtu akianguka kutoka hapo hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, na mwili wake hugonga lami kwa mwendo wa kama kilomita 32 kwa saa. Bodaboda ikimgonga mtu kwa mwendo huo tunaita ajali ya barabarani na trafiki anaitwa kupima. Utingo akianguka kutoka kwenye tela lililosimama, tunasema kateleza.

Neno hilo "kateleza" limefunika mambo mengi. Linamfanya aliyeanguka awe ndiye chanzo, kana kwamba kuanguka kulianzia kwenye unyayo wake. Mimi naona kulianza mbali zaidi. Kulianzia siku tela lilipotengenezwa bila ngazi, au siku lilipopakiwa kwa namna ambayo halifungiki mpaka mtu apande.

Kwa hiyo swali la kwanza katika suala hili zima ni kama kuna haja ya kupanda. Uingereza, katika kanuni zao za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu, waliweka mpangilio ambao mtu yeyote wa kazi anaweza kuuelewa: kwanza epuka kupanda, usipoweza zuia kuanguka, usipoweza punguza madhara ya kuanguka. Hawakutaja kimo maalumu. Popote ambapo mtu anaweza kuanguka na kuumia, kanuni inamhusu. Marekani wametaja kimo, na kwa viwanda vya kawaida kinga hudaiwa kuanzia futi 4, yaani mita 1.2. Kimo hicho ni chini ya sakafu ya semi za kawaida zinazopita hapa.

Ukiuchukua mpangilio huo na kuupeleka kwenye foleni ya Mpemba, utashangaa ni safari ngapi za juu zinazoweza kufutwa. Matela ya pazia, ambayo hufunguka ubavuni na yana paa lake, humwezesha mtu kufunga mzigo akiwa amesimama chini. Kwa shehena ya kumwagwa, kama salfa au mbolea isiyo ya mifuko, kuna maturubai yanayokunjwa na kukunjuliwa kwa mkono wa chuma unaozungushwa ukiwa ardhini. Matenki yanayopakiwa mafuta kwa chini yapo duniani kwa miaka mingi, na kwa tenki la aina hiyo mtu hana sababu ya kutembea juu wakati wa kupakia. Vifaa hivi vina bei, na mwenye lori moja alilonunua kwa mkopo hawezi kubadilisha tela kesho asubuhi. Ila zipo hatua zisizogharimu hata shilingi. Turubai linaweza kutandazwa na kufungwa likiwa bado kwenye jukwaa la kupakilia ghalani, ambako kimo cha jukwaa na cha tela vinakaribiana. Kamba inaweza kurushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine ikiwa imefungwa uzito mdogo mwishoni, baada ya kuhakikisha hakuna mtu upande wa pili. Na kama kazi ni kutazama tu, kwa mfano kujua kama bati la paa limetoboka au turubai limechanika, simu ya mkononi ikifungwa kwenye mwanzi na kuwekwa irekodi video itaona kila kitu. Nimeona fundi mmoja akifanya hivyo Tunduma mjini. Alizunguka gari lote, akakaa kwenye tairi chakavu akitazama picha, akapata tundu mbili, akajua aende na vipande vingapi kabla hajagusa ngazi.

Zitabaki kazi ambazo lazima mtu apande. Hapo mambo madogo madogo ndiyo yanayoamua.

Anza na ardhi, maana wengi huanza na ngazi. Lori lililosimama kwenye bega la barabara limelala upande mmoja, na changarawe ya pembeni husogea chini ya mguu wa ngazi. Gari lizimwe, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vizuizi vya mbao au mawe makubwa pande zote mbili. Kwenye foleni hili lina uzito wa pekee, kwa sababu foleni husogea. Dereva akiona gari la mbele limeondoka, mkono wake huenda kwenye ufunguo wenyewe. Utingo akiwa juu, ufunguo uwe mfukoni mwa utingo. Sijui kanuni rahisi kuliko hiyo, na sijui nyingine inayoweza kuokoa watu wengi zaidi katika barabara hii kwa gharama ya sifuri.

Matela madogo yana hatari yao, na watu huyadharau kwa sababu ni mafupi. Ninazungumzia tela la ekseli moja linalovutwa na pikapu au pawatila, na pia nyumba ndogo za magurudumu ambazo wasafiri wa kusini mwa Afrika huvuta nyuma ya magari yao wanapopanda kuelekea Mbeya na maziwa makuu. Tela la ekseli moja ni mizani ya kitoto: ukilichomoa kwenye gari na mtu akapanda nyuma ya ekseli, pua huinuka na mkia hushuka ghafla naye yuko juu. Liunganishwe na gari lake kwanza, au litegemezwe pembe za nyuma kwa jeki au magogo imara, kabla mtu hajaweka uzito wake. Paa lake nalo mara nyingi ni bati jembamba lililopigwa ribiti juu ya mbao, na halikutengenezwa kubeba mtu. Anayejua kazi hiyo hapandi kabisa. Husimama kwenye jukwaa la mbao lililowekwa pembeni, akaziba tundu lake kwa mkono ulionyooka, akahamisha jukwaa, akaendelea. Kama hana budi kwenda katikati, hulaza ubao mpana unaokalia mihimili miwili au zaidi na kutambaa juu yake, mistari ya ribiti ikimwonyesha mihimili ilipo. Vile vingazi vyembamba vilivyofungwa nyuma ya matela hayo navyo vivutwe kwa mkono kabla ya kuaminiwa, kwa kuwa skrubu zake zimeingia kwenye mbao ambazo huenda maji yameziozesha miaka mingi bila mtu kujua.

Ngazi ya kuegemeza ina hesabu yake ya kale: kila mita nne za kimo, mguu usogezwe mita moja kutoka ukutani. Ikisimama wima kuliko hapo inamwangusha mtu kinyumenyume. Ikilala kuliko hapo inateleza chini. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kwa kama mita moja, ili anayeingia juu na anayeshuka awe na kitu cha kushika, na kifungwe kwa kamba kwenye chuma cha bodi. Anayepanda awe na mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vilivyoshika muda wote. Maana yake hapandi na nyundo mkononi wala na ndoo ya gundi. Vyombo huvutwa kwa kamba baada ya yeye kufika. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa mguu unatafuta kipandio usichokiona, mwili umechoka, na akili imeshamaliza kazi. Na utingo mwenye haraka haitafuti hata hiyo ngazi, huruka. Kuruka mita moja na nusu kutoka sakafu ya tela kwenda kwenye changarawe ndiko kunakovunja vifundo vya miguu vya vijana wenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Ndala na yeboyebo hazina nafasi juu ya turubai bichi. Kiatu cha mtumba chenye soli ya mpira yenye meno, kilichofungwa kamba, kinatosha. Umande ukiwepo, subiri jua. Hapa kwetu saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi turubai limeshakauka, na foleni yenyewe haiendi popote. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua haikupi nafasi hiyo, na ndiyo miezi ya kuhakikisha kila kitu kimefungwa vizuri tangu mwanzo wa safari.

Halafu kuna nyaya. Mtu aliyesimama juu ya kontena na kunyoosha mkono amefika karibu mita 6 na nusu kutoka ardhini. Kwenye viwanja vya kuegesha vilivyobanana na nyumba, nyaya zinazoingia majumbani hupita kimo hicho hicho, na fimbo ya chuma ya kuinulia turubai huufikisha mkono mbali zaidi. Kabla ya kupanda, tazama juu. Kama kuna waya, sogeza gari.

Mshipi wa usalama watu huutaja kwanza, mimi nautaja mwisho kwa makusudi. Mshipi una maana pale tu unapofungwa kwenye kitu kisichoweza kuanguka na wewe, na kamba yake ikiwa fupi kuliko safari ya kufika chini. Kwenye vituo vya kupakilia mafuta na kwenye yadi zilizojipanga, waya wa chuma unaweza kutandazwa juu ya eneo la kufungia maturubai, na mfungaji akatembea akiwa ameunganishwa nao. Pembeni ya barabara Mpemba hakuna kitu cha namna hiyo. Mshipi uliofungwa kwenye kamba ya turubai unampa mtu ujasiri asiopaswa kuwa nao.

Haya yote yanajulikana. Mafundi wanayajua, madereva wa zamani wanayajua, na utingo mwenyewe akiulizwa atakueleza sehemu kubwa. Kinachokwamisha kiko mahali pengine. Mwenye tela ndiye anayenunua ngazi, naye hapandi. Mwenye ghala ndiye anayeamua mzigo upangwe vipi, naye hapandi. Dereva humtuma mtu. Anayepanda ni yule ambaye hakuulizwa lolote, na ambaye mara nyingi hata hakuajiriwa na kampuni: dereva amemchukua njiani na humlipa kutoka kwenye posho yake ya safari. Jina lake halimo kwenye karatasi yoyote ya gari hilo isipokuwa labda hati yake ya kuvukia mpaka.

Kisheria, hali hiyo haimwachi mtupu kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inamtaka mwajiri aifanye kazi iwe salama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 huchangiwa na mwajiri peke yake, wala mfanyakazi hakatwi. Na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au anayemtegemea mwingine kwa riziki, au anayepewa naye vifaa vya kazi, achukuliwe kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Utingo anatimiza zaidi ya sharti moja kati ya hayo. Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinamsaidia mtu aliyefika kudai, na kijana aliyevunjika nyonga akiwa safarini kwenda Lubumbashi hafiki popote kudai. Lori linaendelea na safari. Wamiliki wa malori wana chama chao, TATOA, na madereva wana vyama vyao; ningependa siku moja kuona utingo ameandikwa kwa jina kwenye karatasi ile ile inayoandika namba ya tela, kwa sababu kila kitu kingine, ngazi ikiwemo, huanza pale mtu anapokuwa na jina.

Na akianguka, dakika za kwanza ni za walio karibu. Desturi yetu ya huruma ni kumkimbilia na kumwinua, mmoja mikono mwingine miguu, kumtia kwenye bajaji. Kama analalamika shingo au mgongo, au hahisi miguu, mikono hiyo ya huruma inaweza kumpoozesha. Alazwe alipo, kichwa chake kishikwe kisigeuke, afunikwe kwa sababu baridi humwongezea mshtuko, na atakapohamishwa awekwe juu ya ubao au mlango, mwili mzima kwa pamoja. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, karibu kilomita 100, na barabara ya kwenda huko hupita mlima Senjele katikati ya malori hayo hayo.

Wiki ile ile niliyomwona kijana yule kwenye foleni, nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea mjini Tunduma kuuliza ngazi ya kudumu ya tela inatengenezwaje. Alinionyesha mbili alizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa ya nondo, vipandio vya mviringo, vimebanwa sana na ukuta wa bodi hata ncha ya kiatu haiingii. Alisema hiyo ndiyo watu huagiza, kwa sababu ni rahisi. Ya pili alikuwa bado anaifanya: vipandio bapa vya bati lenye vinundu, vimeachana sentimita 30, nyuma yake pana nafasi ya kiganja kizima, kipandio cha chini kimeshuka hadi chini ya goti, na juu kabisa kuna vishikio viwili vya kukunjwa vinavyopanda juu ya ukingo wa bodi.

Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa pembeni akimshikia fundi bomba. Fundi akainua miwani yake ya giza akamuuliza, "Bosi wako alisema vipandio sita au saba?"

"Bosi hajui," akajibu. "Nimekuja mwenyewe. Weka saba. Hela nyingine nitakupa nikirudi kutoka Ndola."